Damu ya Shaba

Mimi ni dobi. Nguo za watu nimezifua zaidi ya miaka thelathini, na doa nikilitazama mara moja nakwambia limetoka wapi. Hili ni chai. Hili ni kutu ya msumari. Hili ni grisi ya mnyororo wa baiskeli, na mwenye suruali asinidanganye eti alikuwa amekaa ofisini. Wateja wananiogopa kidogo kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya ulimi wangu pia, maana mimi jambo likinikera silimezi. Lakini kuna doa moja nililifua miaka kumi na moja mfululizo na sikuwahi kuuliza linatoka wapi. Ndilo ninalotaka kusimulia, na tafadhali mtu asinikatize kwa kunipa pole, kwa sababu pole siyo yangu.

Ni ya mdogo wangu. Mtaa mzima ulimwita Mapafu, kwa kuwa alikuwa mpiga tarumbeta. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka saba na mimi kumi na nane, na baba alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo nikabaki mimi na yeye na beseni la kufulia. Nilimlea. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu, kuamkia wakubwa, kula bila kusemasema. Shule haikumwelewa na yeye hakuielewa shule. Alipokua nikampeleka kwa fundi seremala, akapiga nyundo kidole chake mara nyingi kuliko msumari. Nikampeleka dukani, akamrudishia mteja chenji kubwa kuliko noti aliyopewa. Kila alikokwenda alirudi kichwa chini, anasema, "Dada, wameniambia nisije kesho."

Basi siku moja akafuatana nami kupeleka nguo za bendi. Bendi yetu ya matarumbeta ilipiga kwenye harusi, mahafali na mazishi, na mazoezi yake yalikuwa kwenye ukumbi wenye madirisha ya kioo kilichopasuka, nyuma ya stoo ya mbao. Kiongozi wao, ambaye wote tunamwita Mwalimu, alimwona mdogo wangu anavyokodoa macho, akampa tarumbeta kwa mzaha tu. "Haya, puliza tukucheke." Watu wazima wanahangaika wiki nzima kutoa sauti moja ya maana. Ya mdogo wangu ilitoka hapo hapo, nzima, imenyooka, mpaka mpiga ngoma kubwa akaacha sigara yake ikaungua peke yake. Mwalimu akanigeukia akasema, "Huyu mniachie." Alikuwa na miaka ishirini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia asije kesho.

Nataka hili lieleweke vizuri. Wengine kwenye ile bendi walikuwa na kazi nyingine, huyu kinyozi, yule dereva. Mdogo wangu alikuwa na tarumbeta, basi. Ndicho kitu kimoja duniani alichokiweza, na alikiweza kuliko wote. Akipiga, watu waliomdharau walisogea karibu kumwangalia usoni. Mimi nikiwa nimesimama mlangoni na kapu langu la nguo, nilikuwa nalia bila aibu, na mtu akinitazama namuuliza anatazama nini.

Sasa bendi ilikuwa na desturi yake ambayo sijaisikia kwingine. Kila mpigaji alikuwa na kitambaa cheupe cha kufutia mdomo na kile kikombe kidogo cha kupulizia. Siku kitambaa cha mpigaji kinapoonekana na damu kwa mara ya kwanza, Mwalimu husimamisha mazoezi, anakiinua juu, na wote wanapiga makofi na kupaza sauti: "Shaba imemkubali!" Waliita damu ya shaba. Walisema tarumbeta haliwi lako mpaka likunywe kidogo. Asiyetoka damu walimtania kwamba anapoza chai, si mpigaji huyo.

Mdogo wangu, pamoja na ufundi wake wote, alipoza chai miaka kumi. Meno yake yalikuwa meupe na fizi imara, hata tone. Walimcheka kila mwaka. Alipofika miaka thelathini ndipo akaja mbio kwangu jioni moja, jasho linamtoka, kitambaa kimefunguliwa kwenye viganja viwili kama mtu anayebeba kifaranga. "Dada, ona! Shaba imenikubali!" Palikuwa na doa jekundu, dogo, na jingine la waridi pembeni. Nikacheka, nikapiga vigelegele, jirani wakatoka kuuliza nani kaposwa. Kisha nikakitia kwenye maji ya baridi na chumvi. Damu hutolewa kwa maji ya baridi, ukitia ya moto umeipika humo humo. Hilo nalijua usingizini.

Lakini damu haikutoka kwenye tarumbeta tu. Asubuhi chache baadaye aliniita bombani. Alikuwa anapiga mswaki, na povu alilotema lilikuwa jekundu. "Dada, hebu niangalie." Nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye mwanga. Fizi zilikuwa zimevimba na zimeiva, zinang'aa, na pale jino linapoingia palikuwa na ukingo wa kitu cha njano. Niliviona vyote hivyo. Macho yangu ni mazima.

Nikamwambia hivi, na maneno nayakumbuka kama jina langu: "Fizi zako zimechoka na kazi, na huo mswaki unazidi kuzichubua. Nguo iliyoanza kuchanika haisuguliwi kwa brashi. Acha mswaki kwanza, sukutua na maji ya chumvi."

Akaniuliza, "Niache mpaka lini?"

"Mpaka damu ikome."

Akaacha. Na damu, kwa kuwa aliacha, haikukoma. Na kwa kuwa haikukoma, hakurudia mswaki. Labda siku za harusi kubwa alijipitishia kidogo meno ya mbele, juu juu tu, asionekane mchafu. Kila Jumatatu aliniletea kitambaa, na kila Jumatatu nikakitoa cheupe kama kipya. Nilijisifu kwa wale wateja wangu wenye kulalamika: "Mnasema doa la mchuzi! Mimi natoa damu ya kila wiki, na kitambaa ni kile kile tangu zamani."

Alioa akiwa na miaka thelathini na sita. Wifi yangu ni msusi, mwanamke mpole, mfupi, wa maneno machache, anayesuka huku anawasikiliza wateja wake na hasahau kitu. Mwaka wa kwanza tulikaa vizuri. Mwaka wa pili, siku moja ya alasiri, alinikuta napiga pasi makoti ya bendi, yale meupe yenye kola nyekundu na vifungo vinane. Akasimama mpaka nikamwambia akae. Hakukaa.

"Wifi, nina jambo, na sijui nianzie wapi. Mdogo wako ananuka mdomo. Siyo harufu ya chakula, ni harufu ya kitu kinachooza. Na anatoka damu hata akila mkate. Asubuhi foronya ina matone. Mteja wangu mmoja ni nesi, nimemuuliza, ameniambia ufizi mzima hautoki damu, ukitoka ni mgonjwa. Nimemwambia aende kwa daktari wa meno, anasema dada alishamwambia ni uchovu wa kazi. Mwambie wewe, wifi. Wewe anakusikiliza."

Loo! Nikaiweka pasi chini. Ningekuwa na akili siku ile ningemshika mkono tukaondoka hapo hapo. Badala yake hasira zikanipanda mpaka masikio yakapiga kelele. Nikamwambia, "Wewe umeingia juzi kwenye nyumba hii. Mimi nimemfuta makamasi huyo mtoto, nimemlisha kwa mkono wangu huu, leo uniambie ananuka? Unataka kumwaibisha mtaani? Kama pumzi ya mumeo inakukera, geukia ukutani ulale."

Alichukua mwavuli wake, akasema, "Haya, wifi," akatoka. Niliporudi kwenye pasi nikakuta imeunguza kola. Tangu siku hiyo, miaka minne, mimi na yeye tulibaki kwenye shikamoo na marahaba na mvua imenyesha. Na bado hakumwacha mume wake. Wengine wangemwacha.

Ukaidi ni ugonjwa, jamani. Nilianza kuona mengine na nikayapa majina mazuri. Wenzake wa bendi wakawa wanasimama hatua moja mbali naye, nikasema wanamheshimu. Akaanza kuziba mdomo kwa kiganja akiongea, nikasema ameiva, amepata adabu za watu wakubwa. Fizi zikapanda juu, meno yakaonekana marefu, nikasema amefanana na babu. Kisha, akiwa na miaka arobaini, meno yake mawili ya mbele juu yakaanza kuachana, taratibu, mwezi hadi mwezi. Mwanya! Nani asiyependa mwanya? Wanawake sokoni walimtania, "Mapafu, wengine wanazaliwa nao, wewe umekuotea ukubwani, bahati iliyoje." Naye akafurahi. Nami nikafurahi. Nilisema mwanya umempendeza, nikamwambia na mkewe mbele ya watu ili akome. Mke wake aliinamia kichwa alichokuwa anasuka.

Ndipo ikaja ile harusi. Bendi ilikuwa inawaingiza maharusi ukumbini, na kuna mahali kwenye ule wimbo wao ambapo wote hunyamaza, mdogo wangu anabaki peke yake, anapanda na sauti moja mpaka juu na kuishikilia huku bibi harusi anavuka mlango. Watu hulipenda hilo. Nilikuwa nimesimama pale pale karibu na viti vya nyuma. Akapanda. Alipofika juu niliona uso wake umekunjika, na sauti ikakatika, ukatoka upepo tu, fyuuu, kama birika linalochemka. Akajaribu tena, ukatoka upepo tena. Kuna waliocheka. Wageni hawana kosa, hawakujua. Bibi harusi akavuka mlango kimya kimya.

Mazoezi yaliyofuata Mwalimu alimpa matoazi. Alimwambia ni kwa muda tu, apumzike. Mdogo wangu akaja kwangu akiwa ameyakumbatia kifuani yale masahani mawili, akakaa kwenye kizingiti. Nilikuwa naanika shuka.

"Dada, jino linacheza."

"Lipi?"

Akalishika kwa vidole viwili. Likaenda mbele, likarudi nyuma. Siyo moja, akanionyesha na la pili na la tatu. Shuka ikaniponyoka ikaangukia udongoni, nikaiacha hapo.

Nilikwenda saluni kwa wifi yangu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, nilipofika nikasema tu, "Wifi, twende." Akamaliza msuko uliokuwa mkononi, akamwomba mteja radhi, akachukua mkoba wake. Hakuniuliza kwenda wapi.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo mwenye miwani, anaongea polepole. Chumba kilikuwa na kiti kile cha kulala na benchi moja ukutani, tukakaa mimi na wifi pale. Alimwangalia mdogo wangu mdomoni kwa muda mrefu, kisha akamuuliza, "Kaka, hapa hakuna kinachouma?"

"Hakiumi, daktari. Hakijawahi kuuma."

"Ndiyo kawaida yake," akasema. "Huu ugonjwa wa fizi hauna kelele. Ungeuma ungekuja mapema."

Akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za vipimo, akawa anakiingiza kati ya jino na ufizi, jino baada ya jino, anataja namba na nesi wake anaandika. Alinieleza mimi, nadhani kwa sababu ya jinsi nilivyokaa, kwamba ufizi mzima kijiti kinazama namba mbili, au tatu. Sasa nikawa nasikiliza. Sita. Saba. Saba. Tisa. Sita. Nane. Kila namba nilitamani irudi chini kidogo, haikurudi. Wifi alikuwa anahesabu kwa vidole ndani ya mkoba wake.

Kisha akatuonyesha picha ya eksirei. "Huu mweupe ni mfupa unaoshika meno. Ulitakiwa ufike hapa." Akaweka kidole. Halafu akakishusha, akakishusha tena. "Wake uko hapa."

Akaeleza, na alieleza vizuri mno, ningependa angeeleza vibaya nisielewe. Kila siku kuna utando laini unaojishika kwenye jino pale linapokutana na ufizi. Mswaki unauondoa. Ukiachwa unakuwa ukoga mgumu kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, na huo hautoki kwa mswaki tena, unakwanguliwa na mtu wa kazi hiyo. Ufizi unaukataa ule uchafu, unavimba, unatoka damu. Ukiendelea kuachwa unajitenga na jino, uchafu unashuka ndani, mfupa unaliwa kidogo kidogo, harufu inakuja, meno yanaachana, yanalegea.

"Kwa hiyo mwanya…" nikaanza.

"Siyo mwanya, mama. Ni meno yanahama kwa kukosa pa kushikilia."

Akamgeukia mdogo wangu. "Watu wengi wakiona damu wanauogopa mswaki. Ni kinyume. Ile damu ni ufizi unaomba kusafishwa. Ungechukua mswaki laini, asubuhi na jioni, taratibu pale pale panapotoka damu, ukapitisha uzi katikati ya meno, ukaja tukakukwangua ule ukoga. Wakati ule ilikuwa mapema. Pengine wiki mbili, damu ingekoma."

Wiki mbili. Mimi nguo ya sufu tu inanichukua siku tatu kukauka msimu wa mvua.

"Damu ilianza lini?" akauliza.

Mdogo wangu akatafuta kichwani. Nikajibu mimi. "Miaka kumi na moja na miezi minne." Daktari akashangaa ninavyojua. Sikumwambia.

"Na mswaki?"

"Niliacha," mdogo wangu akasema.

"Nani alikuambia uache?"

Wifi alitazama sakafu. Hakuniangalia, na angeniangalia ningeshukuru. Mimi, huyu huyu anayeogopwa na mtaa mzima, niliyemnyamazisha askari siku moja hadharani kwa ajili ya shati, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu.

"Hakuna aliyeniambia," mdogo wangu akasema. "Ni uvivu wangu tu, daktari."

Basi yule binti akamsema. Kwa upole, lakini alimsema: mtu mzima, mwenye mke, tena kazi yake ni ya mdomo, anaachaje kupiga mswaki kwa uvivu? Naye akaitikia, "Ni kweli, daktari. Ni kweli." Nami nikakaa pale kwenye benchi nikaacha mdogo wangu asemwe kama mtoto kwa kosa langu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa kwangu alisikia la mkuu, neno kwa neno, ndiyo maana akavunjika. Hayo mengine yote nimejitafutia visingizio. Hilo la benchi sina kisingizio.

Meno sita yalikuwa hayawezekani tena, manne ya mbele juu na mawili chini. Mengine daktari alisema yataokolewa, yatakwanguliwa, na yeye mwenyewe ayatunze kila siku bila kukosa, arudi kila baada ya miezi mitatu. Mdogo wangu alisikiliza yote kwa heshima. Kisha akauliza swali lake moja.

"Na tarumbeta?"

Daktari akavua miwani. "Utakula, kaka. Utaongea, utacheka, tutakuwekea meno ya bandia vizuri. Tarumbeta siwezi kukudanganya."

Mdogo wangu alinyanyuka, akamshukuru, akanishikia mlango nipite mimi kwanza.

Siku moja kabla ya kung'olewa alilisafisha tarumbeta kwa ndimu na jivu uani kwa mkewe. Nilidhani atalipiga mara ya mwisho. Majirani nao walidhani, walikaa kaa milangoni. Hakulipuliza hata kidogo. Alisema hataki limkumbuke kwa sauti ile ya harusini, akalifunga kwenye kitambaa na kuliweka juu ya kabati.

Wiki moja baada ya kung'olewa Mwalimu alikuja kulichukua, maana matarumbeta yote ni ya bendi. Tulikuwa wanne uani: yeye, mimi, wifi, na mdogo wangu ambaye mdomo wake ulikuwa umeingia ndani, ghafla kawa na uso wa mzee. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, kofia mikononi, akaanza kusema kwamba kazi yetu ni ngumu, kwamba shaba hudai chake.

Ala! Hapo nikawaka. "Shaba gani? Shaba gani inayodai? Mmemuua mdogo wangu na damu yenu ya shaba! Mnainua kitambaa cha mgonjwa juu mnapiga makofi! Vijana wako wote wanaoza midomo na wewe unawashangilia, wewe mwenyewe umekaa hapo na meno yako thelathini na mawili yanang'aa!"

Mwalimu alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akageuka pembeni, akaingiza kidole gumba mdomoni, akatoa meno. Safu yote ya juu ilitoka, na ufizi wa waridi wa plastiki. Akayashika kwenye kiganja, mashavu yamebonyea, tukaona mzee tusiyemjua.

Alisema kwa shida. Alianza kutoka damu akiwa kijana, walimpigia makofi. Meno yalipong'oka alisafiri mbali atengenezewe mengine, akarudi akasema anawaachia vijana wapige, yeye awe kiongozi. Alijaribu kupiga kwa siri miaka miwili. "Haya ya bandia yanakubali mkate, yanakubali kucheka. Shaba hayaiwezi, yanaondoka."

"Na ukaendelea kuinua vitambaa," nikasema.

"Ningesimamisha ningeulizwa kwa nini," akasema. "Niliona aibu."

Nilikuwa na maneno ya kummaliza. Nilikuwa nayo tayari kwenye ncha ya ulimi, na huyu mzee hakuwa na pa kujificha, na nikaona raha ikinijia, raha kabisa, kwamba nimempata wa kubebesha. Wifi akanigusa mkono. "Wifi, basi," akasema. "Basi." Ni neno lake la kwanza kwangu la maana tangu ile siku ya pasi, na nilielewa anachoniambia. Nikayameza maneno yangu. Mwalimu akarudisha meno yake, akaahidi kwamba Jumatatu atawavulia vijana wote hayo hayo meno, waone. Namshukuru kwamba alifanya. Sasa kila mpigaji ana mswaki kwenye mfuko wa koti, na mimi nikikuta damu kwenye kitambaa sikifui, nakirudisha hivyo hivyo na mwenyewe nampeleka kwa yule binti kwa kumshika sikio.

Lakini siku hiyo Mwalimu alilichukua tarumbeta akaondoka nalo. Mdogo wangu alimsindikiza mpaka kwenye geti, akarudi, akakaa kwenye kile kigoda. Wifi akaingia ndani kumtengenezea uji. Nikabaki naye.

"Mdogo wangu, kwa nini ulimdanganya daktari?"

"Nilimdanganya nini?"

"Mimi ndiye niliyekwambia uache mswaki."

"Najua," akasema.

"Na mke wako alinijia zamani, akaniomba nikwambie uende hospitali. Nilimfukuza."

"Najua, dada. Aliniambia siku ile ile."

Hata katika kuomba radhi mimi ni mimi, hasira zikanipanda. "Sasa ulikaa unangoja nini? Ulikuwa mtu mzima! Mke wako amekwambia, mwili wako umekwambia, kwa nini hukuniambia, 'Dada, umekosea'?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini hakuruka angani. "Dada, wewe ndiye mama niliyemjua. Niliwahi kukukatalia lini?"

Nikatafuta. Nilitafuta tangu utoto wake, viatu nilivyomvisha, nywele nilizomnyoa kwa nguvu, kazi nilizompeleka na kumtoa. Sikupata hata siku moja.

"Basi nikatalie leo," nikamwambia. "Nitukane. Nifukuze hapa kwako kama nilivyomfukuza mkeo. Sema ni mimi niliyekupotezea tarumbeta, maana ni mimi. Hebu sema!"

Aliniinulia ule uso wake mpya wa mzee. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, dada."

Nimemlea miaka thelathini na minne, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuniambia hapana.